Salamu za Samaki wa Wamae

Ruring'u, ng'ambo ya ukuta wa uwanja wa michezo, pana benchi mbele ya kibanda cha fundi viatu. Sisi watu wa huku hukuza kahawa na kunywa chai, lakini benchi hili limejiamulia vingine: kila asubuhi fundi huleta thamosi ya kahawa, na anayetaka kuketi sharti anywe. Siku hiyo Wamae alifika akitoka moja kwa moja kwenye bwawa lake la tilapia bondeni, matope yakiwa bado kwenye gambuti, simu mkononi. Sote tulizijua video zake. Kila alfajiri samaki wake hupanda juu ya maji na kufungua vinywa kwa pamoja, na watu wa nchi ambazo sijawahi kuzisikia huwatumia mioyo myekundu.

— Leo wamenisalimia hata kabla nitoe simu kwa mfuko, akasema. Maji yote imejaa midomo.

— Hiyo si salamu, ni maombi, akasema Nderitu, mzee wa kanisa ambaye benchi humwita Askofu. Angalia vile wameelekea. Wanaangalia mlima, vile wazee wa zamani waliomba.

— Wanaangalia busta, ule mnara wa simu, akasema Mutahi, anayetengeneza simu kibanda cha pili na tunayemwita Injinia. Iko upande huo huo. Samaki anasikia network na mwili. Wamae akienda live, maji inawakuna.

— Na kabla busta ijengwe, walikuwa wanafanya nini?

— Walikuwa tu samaki.

— Injinia, hata hiyo samaki iko na dini kukushinda.

— Na iko na followers kukushinda wewe. Jumapili mlikuwa wangapi?

Askofu akaegemeza midomo yake kwenye kikombe.

— Mimi nawaambia, Injinia akaendelea, hiyo samaki imejua inaangaliwa. Mwaka ujao itakataa chakula mpaka iandikiwe mkataba.

— Chakula wameshakataa, akasema Wamae, tena kwa fahari. Watu wananitumia pesa ya chakula, namwaga, wanaiacha inazama. Maji imekuwa kijani kama sukuma wiki. Siku hizi wanataka salamu peke yake.

Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa tulijua salamu hizo zilimletea nini. Binti yake, Wangui, alikwenda Doha kufanya kazi, na kwa muda mrefu alikuwa akimkumbuka baba yake Krismasi tu. Tangu samaki waanze kufungua vinywa, huandika kila alfajiri: Baba, wasalimie. Wamae hunipa simu nimsomee, ingawa maneno hayo ameshayahifadhi.

Pembeni alisimama Mwalimu Selpha, aliyehamishiwa shule ya jirani muhula huu kutoka Busia. Alikuwa akingojea kiatu chake, mguu mmoja juu ya kipande cha katoni. Askofu akamsogezea nafasi.

— Mwalimu, wewe unatoka kwa watu wa samaki. Tuamulie.

— Kwetu sisi tulikuwa watu wa mihogo, akasema. Lakini hebu nione.

Akaitazama video mara mbili. Mara ya pili aliuzima muziki.

— Niko na mtoto wa pumu, akasema polepole. Akizidiwa asubuhi, mdomo wake hufanya hivi hivi. Mzee Wamae, hawa wanasalimia, ama wanatafuta hewa?

Fundi akaacha kugonga. Askofu akautazama mlima, Injinia akaitazama busta, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yao yalikuwa yakielekea mahali pamoja.

— Hiyo kijani, Wamae akauliza, inaweza kuwa ndiyo inawafinya?

— Sijui, mzee wangu. Yule wangu mimi humfungulia dirisha.

Wamae akaniwekea simu mkononi, kama mtu anayetua mzigo.

— Nikifungua mfereji maji safi iingie, wapate nafuu, watabaki hapo juu?

— Nafikiri watashuka chini.

— Sasa Wangui ataamka aangalie nini?

Wamae akalitwaa jembe la fundi lililokuwa limeegemea kibanda, akateremka bondeni, kikombe chake kikiwa bado nusu.

Askofu akaiinamisha thamosi. Likatoka tone moja.

— Imeisha, akasema fundi, japo sote tulikuwa tumeona.

Ndipo simu ikatetemeka. Nikasoma kimya kwanza, neno baada ya neno, kama ilivyo desturi yangu, kisha nikawasomea wenzangu kwa sauti: Baba, kila siku ni samaki tu. Kesho hebu geuza simu nikuone.

Magoti yangu hayaupendi mteremko ule. Niliinuka hata hivyo, nikamfuata na simu yake.