Kidole Chini ya Pini

Treni ilikuwa imebakiza kituo kimoja, na mtoto alikuwa amelowa chapachapa. Baba yake alimlaza kitini, akakunja nepi kavu pembetatu. Bibi aliyekaa mkabala nao alijitia kutazama dirishani, ila shingo ilimkatalia.

"Pini utamchoma nayo, mwanangu."

"Bibi, mimi fundi magari. Gurudumu nalifunga hata nikifumba macho."

"Gurudumu halilii. Una haraka ya nini?"

"Mama mkwe anatungoja kituoni. Anasema mwanamume hawezi kulea. Akimkuta amelowa, atabaki naye, sirudi naye nyumbani."

Bibi akasogea. "Kitendawili."

"Sasa hivi, bibi? Haya, tega."

"Mlinzi kachomwa mkuki, mfalme hana habari."

Kijana akafikiri, kisha akapenyeza kidole chake kati ya nepi na tumbo la mtoto, akasukuma pini. "Uwii!"

"Umekitegua," alisema bibi. Mtoto alikuwa anacheka.

Treni ikasimama, kijana akashuka na mtoto. Bibi akachungulia dirishani. Mama mkwe hakungoja shikamoo. Alimpokea mtoto, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye nepi. Akapapasa, akapapasa tena. Kisha akakitazama kidole ambacho mkwewe alikuwa bado anakinyonya.