Kilbitere Mpya za Bienvenu

Benchi letu liko Kalundu, mbele ya saloni yangu ya kunyoa, upande wa barabara ambao maji ya ziwa hayajaufikia bado. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na pembeni yake Mama Riziki anakaa na birika la kahawa ya tangawizi. Asubuhi ile walikuwepo wale wale. Tambwe, dereva mzee wa malori, kamiyo kama tunavyoyaita, tunamwita Papa Ambrayaji, yaani klachi, kwa sababu hasemi neno kabla ya kukanyaga kwanza kwa mguu wa kushoto, kana kwamba anabadilisha gia. Lukumani, muuza vitenge, tunamwita Wahenga, maana methali zake haziishi na hazikai mahali pake. Pitchou Bidoni ana ligablo, kibanda cha mafuta ya moteri, pale konani. Wahenga alikuwa kwenye kiti changu, shuka jeupe shingoni, kichwa nimekinyoa nusu. Siku nyingine tungemcheka. Siku ile hakuna aliyecheka, kwa sababu mashua ya Bienvenu, ile kubwa ya mbao yenye moteri ya kamiyo, jana ilizimika katikati ya ziwa, imejaa watu, kabla ya kufika Makobola.

— Minye bado natetemeka, alisema Mama Riziki. Binti ya dada yangu alikuwa mule ndani. Anasema moteri ililia kama mbuzi, kisha kimya. Upepo wa kusini ukabachukua. Batu bakaanza kutupa mizigo, magunia ya unga, mu maji.

— Na bote bako wazima? nikauliza.

— Bote. Bavuvi babili babafungia kamba, bakabavuta mpaka hapa Kalundu. Lakini weye wazia! Moteri iliyotoka kutengenezwa juzi!

Kila mtu Kalundu alijua nani aliyeitengeneza. Ni Kizito, fundi wa garaji la ng'ambo ya barabara, na Kizito aliiwekea kilbitere mpya, zote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

— Hizo kilbitere ni kitu gani? Mama Riziki aliuliza. Munaitaja tu, minye sijui.

Papa Ambrayaji alinyoosha viganja viwili, kimoja kikapanda, kingine kikashuka.

— Ni bile byuma bidogo bya juu ya moteri. Binabembea hivi, kama batoto babili juu ya ubao. Upande huu unasukumwa, upande ule unafungua supape, kamulango ka pumzi, moteri inapumua. Bikikauka, moteri inakosa pumzi.

Akakanyaga hewa kwa mguu wa kushoto.

— Kizito alibiweka bikavu.

— Kizito? nikasema, wembe ukabaki juu. Kizito anayehubiri mafuta kama katekista? Papa, haiwezekani!

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Garaji lake linatazamana na mlango wangu. Wiki ile alizitoa zile kilbitere kwenye karatasi zake, akaziosha moja moja kwa esansi, petroli tupu, kwa sababu, alisema, ule utelezi wa kiwandani ni dawa ya kutu, si mafuta ya kazi. Akapitisha waya mwembamba katika kila kitundu cha mafuta. Akazilaza ndani ya beseni la mafuta mazito mpaka kesho yake. Watu walipita wakimtania: Kizito, unapika nini, sambusa? Yeye akajibu bila kuinua kichwa: chuma kipya na chuma kipya bado havijuani, lazima vijuane taratibu, na mafuta yakae katikati kama mshenga.

— Wahenga walisema, akaanza Lukumani kutoka kwenye kiti, mpanda ngazi hushuka.

— Na inaingia wapi hapo? nikamuuliza.

— Si Papa amesema zinapanda na kushuka?

— Wallahi, huyu atatuua, alisema Mama Riziki, na yeye hata si Mwislamu.

Pitchou Bidoni hakuwa amegusa kikombe chake. Sasa akasogea mbele ya benchi.

— Musikilize. Byuma bya siku hizi biko bya uongo. Banayeyusha sufuria za zamani, banapiga muhuri, banaita pyesi, spea ya orijino. Kizito balimudanganya na pyesi.

— Kizito anajua pyesi, nikasema. Aliipiga kila moja na nyundo ndogo akasikiliza mlio.

— Basi ni wivu. Mekanisie mwingine alitia sukari mu rezervwari, mu tangi ya mafuta.

— Sukari inaharibu kilbitere? Papa Ambrayaji alishangaa. Minye nimeendesha toka Kamanyola mpaka Fizi, sijasikia.

— Inaharibu! Na kama si sukari, ni ziwa. Pitchou alishusha sauti. Bavuvi banajua. Mbele ya Makobola kuko jiwe chini ya maji, linavutaka chuma. Dira zinazunguka pale kama kizunguzungu.

— Mungu wangu, alisema Mama Riziki.

Wahenga aligeuka ghafla kiasi kwamba nilikaribia kumkata sikio.

— Hilo ni kweli! Ziwa limekasirika. Angalieni lilivyopanda. Limekula nyumba, limekula barabara, limekula mnazi wa marehemu baba yangu. Ardhi imelishibisha, sasa linataka mashine. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Lakini haya hayakumwagika, Papa Ambrayaji alimwambia. Haya yamekuja yenyewe.

— Ndiyo maana hayazoleki!

— Na hata ile mizigo bakatupa, Pitchou akaongeza haraka, jiwe linakulaka chakula pia. Banalilisha kwanza unga, ndipo linaachia mashua. Bote bakapona sababu ya unga ule.

Papa Ambrayaji alikanyaga mara mbili, akamtazama Pitchou muda mrefu.

— Pitchou. Leo weye unasema mingi kupita Wahenga. Juu ya nini?

Kizito alikuwa anavuka barabara.

Nilimjua kwa ovaroli tu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka msibani. Mkono mmoja alikuwa na kitambaa kilichofungwa, mwingine bidoni ndogo ya mafuta. Nyuma yake alikuja mwanamke ambaye sikumjua, kitenge chake kikiwa na alama nyeupe za unga ulioloa ukakauka, beseni tupu kichwani. Mama Riziki akamsogezea nafasi kwenye benchi.

— Huyu ni Mama Sidonie, wa Makobola, Kizito alisema. Jana alikuwa mu mashua. Alilala kwa bandugu bake, sasa anangoja mashua ingine imurudishe. Nimemukuta ku maji, nikamuambia akuje akunywe kitu cha moto.

— Pole sana, mama yangu, tukasema sote.

— Asante, alisema yeye, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Kizito alikifungua kitambaa juu ya ubao. Tuliinama sote, hata Wahenga na nusu ya kichwa chake. Ilikuwa kilbitere moja. Pale inapogusana na supape, chuma kilikuwa kimekwaruzwa kama kilichotafunwa na mbwa, na kwenye tundu la katikati kilikuwa kimegeuka buluu kwa joto.

— Hii ni mpya? Papa Ambrayaji alinong'ona. Hii imefanya kazi miaka mingi!

— Ni mpya, Papa. Asubuhi nimefungua mufuniko wa moteri. Zote ziko hivi.

— Uliiwashaje?

— Weye unanijua. Nilizungusha moteri kwa mukono kwanza, mpaka nikaona mafuta yanapanda juu, yanatoka ku kila kitundu. Nikawasha, nikaishika ku mwendo wa katikati, sikuiacha ilale hata kidogo. Rodaji yote, moteri ikizoea byuma bipya, nilisimama pale, hata mukojo nilibana. Kisha nikamwaga mafuta ya rodaji, nikatia mapya. Ndipo nikamuambia Bienvenu: peleka. Minye njo nilimuambia peleka.

Mama Riziki akammiminia Kizito kikombe.

— Basi ni jiwe, Pitchou alisema kwa sauti ndogo.

Kizito alimgeukia. Hakupaza sauti.

— Mafuta niliyolazia kilbitere yalikuwa yangu, ya zamani, najua mahali yalitoka. Lakini ya rodaji, na yale ya baadaye, yalitoka kwako. Bidoni mpya, mufuniko haujakatwa. Nilivunja mwenyewe. Mufuniko ukiwa muzima, sinaka habari ya kupima. Leo njo nimepima.

Akaja mpaka kwenye kiti changu, akashika shuka jeupe kifuani mwa Wahenga.

— Utaniwia radhi, mzee.

Alichovya kijiti kwenye bidoni aliyoleta, akadondosha tone moja juu ya shuka. Tukalitazama likitawanyika. Mafuta mapya hutawanyika rangi ya asali, hata mimi kinyozi najua. Hili pembeni lilikuwa na njano kidogo, lakini katikati likaacha doa jeusi, zito, lenye ukingo wa majivu, kama jicho lililotobolewa.

— Yesu! alisema Mama Riziki.

— Haya yameisha kufanya kazi mu moteri ya muntu, Kizito alisema. Balimwaga, bakachuja na kitambaa, bakatia mu bidoni safi, bakafunga mufuniko. Mumo muko vumbi la chuma. Nilikuwa nazisugua kilbitere zangu na musasa, nikidhani nazipaka mafuta.

Wahenga alilitazama lile doa kifuani mwake. Tulingoja methali. Mdomo wake ulifunguka, ukafungwa.

— Pitchou? Papa Ambrayaji aliita.

— Minye pia balinidanganya! Pitchou alisimama, mikono kichwani. Haki ya Mungu! Muntu alinipatia pale Kavimvira, ku mupaka, bei ya chini. Bidoni zilikuwa nzuri! Mifuniko mizuri! Nilijuaje? Minye sina macho ya kuona ndani ya plastiki!

— Hukufungua hata moja? Kizito aliuliza.

— Nilifungua moja.

— Ukanusa?

Pitchou alimtazama Mama Riziki kana kwamba yeye ndiye angemwokoa. Mama Riziki aliweka birika chini.

— Nilinusa, Pitchou alisema.

— Ilinuka nini? Kizito akauliza.

— Ilinuka kuungua.

Nimekaa na Pitchou kwenye ubao ule tangu tukiwa vijana. Nimemnyoa siku ya ndoa yake. Aliposema neno lile niliufunga wembe, nikauweka kando. Na Papa Ambrayaji, ambaye hajawahi kusema kitu bila kukanyaga kwanza, alisema bila kukanyaga:

— Muntu anasukuma batu mu maji, kisha anakuja anatuambia ni jiwe.

— Nilifikiri batatia mu moto, mu mapikipiki! Pitchou alianza kulia, mtu mzima, kamasi na machozi. Pikipiki inavumilia. Sikujua Kizito angeipeleka mu mashua. Alituma mutoto kununua, na nilipoona bidoni mu mikono ya Kizito, ilikuwa imeisha kutoka ligabloni. Nilitaka kumuita. Nikasema, labda nimekosea harufu.

— Ungeita, Kizito alisema. Toka ligabloni unaona garaji yangu, Pitchou. Ungeita tu.

Akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, kwenye vumbi, mgongo kwenye ukuta wangu. Akaichukua ile kilbitere, akawa anapitisha kidole juu ya mikwaruzo yake, kwenda na kurudi.

Mama Sidonie alikuwa amemaliza kahawa. Alifuta kikombe kwa pindo la kitenge, akamrudishia Mama Riziki. Huko ufukweni tukasikia wanapiga filimbi, sauti ya mwanamume ikiita: Makobola! Makobola! Tunaondoka!

Alisimama. Akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

— Bababa, alisema, hii mashua inanipeleka sasa, ndani yake baliweka mafuta ya nani?

Papa Ambrayaji alimtazama Kizito. Kizito alimtazama Pitchou. Pitchou alifungua mdomo, macho yakienda huku na kule, midomo ikihesabu majina ya watu, akakwama katikati ya hesabu.

— Sijui, alisema. Mama, sijui. Balichukua bengi. Bengine batoto balikuwa banatumwa tu.

Filimbi ikalia tena. Pitchou alitoka mbio. Sijawahi kumwona akikimbia, mnene vile, ndala moja ikabaki barabarani, anapunga mikono kuelekea majini na kupiga kelele: Musiwashe! Musiwashe! Kizito aliinuka akamfuata. Papa Ambrayaji naye akaenda, akichechemea kwa ule mguu wa kushoto, na Wahenga akanitoka kitini na shuka shingoni.

Mama Sidonie hakuwafuata. Alijitwisha beseni lake tupu, akakaza kitenge kiunoni, akashika barabara ya Fizi, inayopita Makobola, kwa miguu. Motari mmoja, wa pikipiki ya abiria, akapunguza mwendo kando yake, akapiga honi, akamwonyesha kiti cha nyuma. Mama akaitazama moteri ya pikipiki, akatikisa kichwa, akazidi kutembea.