Mkunga wa Vyumba Viwili

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mlezi wetu wa wadudu, ambaye maabara nzima inamwita Mkunga, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya sherehe ilinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kwa maneno yao, nina maneno mengi na kazi chache. Sikukata rufaa.

Wageni na jamaa watakaosoma ukurasa huu wajue kwanza tunafanya nini humu ndani. Wadudu nao huugua. Wana virusi vyao, bakteria wao na kuvu wao, na baadhi ya maradhi hayo humpata mdudu wa aina moja tu, yakawaacha binadamu, ng'ombe na nyuki salama. Sisi huyatafuta, tukayatunza, kisha tukayapeleka shambani yapambane na viwavijeshi wanaomaliza mahindi machanga. Lakini virusi havioti kwenye sahani kama maharage. Vinataka kiwavi aliye hai, mzima, aliyeshiba. Ndiyo kazi ya Mkunga: kulea viwavi kwa mapenzi yote ili sisi tuwaue kwa utaratibu. Dada yake alipoelezwa hayo mara ya kwanza aliuliza kama kweli kuna mshahara.

Alianza kama mfagiaji wa korido. Mwezi wa tano kazini, aliwaona kupitia kioo wataalamu wawili wakihangaika na nondo waliogoma kutaga. Wiki tatu, hata yai moja. Akaegemeza ufagio, akabisha hodi. "Kwani nyinyi wenzangu mngezaa sebuleni, taa imewaka?" Akaomba taa izimwe, akakunja vipande vya karatasi kama feni akavitundika ndani ya kizimba chao. Kesho yake asubuhi mikunjo ilikuwa imejaa mayai. Akakabidhiwa brashi ndogo ya kubebea viwavi wachanga, na ufagio ukatafutiwa mtu mwingine. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshona vyandarua vya vizimba vyetu vyote. Tulijaribu kupiga hesabu ya viwavi waliopita mikononi mwa Mkunga. Tulipofika milioni tatu tukachoka.

Kanuni yake ni moja, na kila mgeni hufundishwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Tuna vyumba viwili. Asubuhi unaingia kwa wazima, umevaa kandambili za bluu. Ukimaliza, unazivua, unavaa nyekundu, unakwenda kwa wagonjwa. Ukishaingia kwa wagonjwa, kwa wazima hurudi tena hadi kesho, umeoga na umebadili nguo. Umesahau simu? Itakusubiri. Umesahau miwani? Papasa.

Huko kwa wagonjwa ndiko niliko mimi, na nakiri sijakuzoea. Kiwavi aliyekula virusi hana dalili siku za mwanzo. Anakula kama mwenzake. Kisha anaacha kula, anapauka. Halafu anafanya jambo ambalo mpaka leo hunifanya nivue miwani niifute: anapanda. Mdudu ambaye maisha yake yote amewakwepa ndege anapanda hadi ncha ya jani la juu kabisa, anashika kwa miguu ya nyuma, ananing'inia kichwa chini, anafia hapo. Ngozi inalegea kama mfuko wa karatasi uliolowa, na kinachomtoka kinadondokea majani ya chini, ambako wenzake wanakula. Kitu kisicho na jicho wala akili kimempandisha mdudu mahali pazuri pa kudondokea. Mkunga ameyaona haya kila wiki kwa miaka yote hiyo, na bado, kabla ya kugusa trei ya waliokufa, huinama kidogo mbele yake. Kwa muda mrefu nilidhani ni mgongo.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Mkunga alifungua mlango wa wazima asubuhi moja akakuta wamepanda. Vizimba vyote. Ukoo wa miaka kumi na mmoja, kizazi juu ya kizazi bila kukatika, ulikuwa umening'inia kwenye ncha za majani kama nguo zilizoanikwa. Mkurugenzi wa wakati huo alitaka jina la aliyevunja kanuni. Tulisimama mstari mmoja koridoni, kila mtu anatazama viatu vyake. Mkunga akasema chumba ni chake, liandikwe lake. Akapewa barua ya onyo na amri ya kuchoma kila kitu.

Alichoma vyandarua vya mumewe. Viwavi hakuwachoma. Aliwakusanya mmoja mmoja kwa kibano, akajaza mitungi tisa, akaiweka kwenye friza. Mkurugenzi alipomuuliza, alijibu kwamba ameambiwa achome uchafu.

Wiki mbili baadaye viwavijeshi walishuka kwenye mashamba ya majirani zetu, ng'ambo ya uzio. Akiba yetu ya kawaida ya virusi isingetosha hata robo ya eneo. Tukatoa mitungi tisa. Tukaponda, tukachuja kwa vitambaa vya fundi cherehani, tukabeba mabomba ya mgongoni, tukapuliza siku mbili mfululizo. Kisha tukangoja, na wenye mashamba wakatuchoka. Siku ya nne mmoja wao alituuliza kama tumewapelekea viwavi wake uji, maana anaona wamenenepa.

Siku ya saba tulikwenda alfajiri. Kila jani la mahindi, kila ubua wa nyasi kandokando ya njia, mpaka macho yalipoishia, ulikuwa na kiwavi mweusi aliyening'inia kichwa chini, ametulia. Yule bwana wa uji alivua kofia. Alizunguka shamba lake lote, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kawatundika?" Mkunga akamjibu, "Wamepanda wenyewe, kaka."

Watu hupenda kuisimulia hadithi hiyo kama bahati. Mkunga hapendi. Yeye alipoteza ukoo, akauanza upya kwa pupa sitini, yaani viwavi waliojifunga ganda wakisubiri kuwa nondo, alizozichimbua kwenye udongo wa shamba lilelile, na ilimchukua miaka miwili kupata kizazi ambacho hakina mgonjwa hata mmoja. Barua ya onyo ilibaki kwenye jalada lake. Mara mbili alinyimwa nafasi ya msimamizi wa kitengo, na mara zote mbili barua ile ilisomwa kwanza.

Nimeiona mwezi uliopita, nilipopewa jalada ili niandike ukurasa huu. Basi niandike. Aliyerudi kwa wazima na kandambili nyekundu ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu kazini, nilisahau chupa ya chai, nikasema ni dakika moja tu. Nimeupelekea uongozi maelezo hayo kwa maandishi, na juzi barua ile imeondolewa jaladani. Imechelewa miaka kumi na tisa. Nafasi zile mbili siwezi kuzirudisha.

Nilipomwendea kumweleza, alikuwa akihamisha watoto wa siku tatu kwenye majani mapya. Hakuinua kichwa. Akasema alijua tangu asubuhi ile. Alama za kandambili zilizokaukia sakafuni zilikuwa namba arobaini na nne, na jengo zima lina mtu mmoja tu mwenye miguu ya bata. Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akanyoosha brashi yake nione: kiwavi mchanga, mwembamba kama uzi, ameshika unywele mmoja wa brashi. "Wa umri huu," akasema, "hashikwi kwa kidole."

Mkunga, sisi sote humu tumepitia kwenye brashi hiyo, na wengine hatukujua tumebebwa. Ahsante. Ahsante pia kwa fundi cherehani na kwa watoto waliovumilia mama anayewahi kazini siku za sikukuu kwa sababu wadudu hawana kalenda. Kazi yako ya mwisho utaianza kwa wazima na kuimalizia kwa wagonjwa, na kanuni ni yako mwenyewe: hakuna kurudi. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Tunakutakia siku njema, nyingi, zisizo na trei. Kandambili zako za bluu tutaziacha hapo hapo mlangoni. Jana nilizijaribu, hazinienei.