Hata Kuaga ni Kutangaza

Baridi ya Kihesa, Iringa, mwezi wa saba haina adabu. Inakupiga masikioni hujamaliza hata kuitikia salamu ya kamwene. Ndiyo maana benchi lililo mbele ya kibanda cha Crispin, fundi cherehani, halikosi watu asubuhi. Ni ubao wa paina uliolazwa juu ya matofali, na pembeni yake Severina anaweka jiko la mkaa na birika la kahawa. Wenye benchi ni walewale. Kuna mzee Saulo, aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu na jina la Wakili. Kuna Magesa, dereva wa lori aliyezaliwa Usangu kwa wazazi waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Huyo wanamwita Tani Thelathini, kwa sababu ya mzigo anaobeba na kwa sababu ya uongo wake. Na kuna Crispin mwenyewe, Antena, ambaye redio yake haizimwi tangu binti yake Faustina apate kazi ya utangazaji Mtani FM. Mteja akija wakati Faustina anaongea, anaambiwa kwa heshima zote angoje.

Siku hiyo Faustina alikuwa ameshasoma bei ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, akamtania dereva wa bajaji aliyepiga simu kumsalimia mama mkwe wake. Halafu sauti yake ikabadilika. Watu wengine hawakusikia. Crispin alisikia, akainua mguu kwenye cherehani.

— Ndugu msikilizaji, alisema Faustina redioni, naomba nikwambie kwamba...

Shwaaaa.

Crispin akaipiga redio kibao. Shwaaaa. Akazungusha kitufe kulia, redio ya dini ikaimba; akazungusha kushoto, mtu akatangaza dawa ya meno. Akarudi pale pa Mtani FM. Shwaaaa.

— Betri, alisema Severina.

— Betri gani, na hao wengine wanaimba?

Akatoa simu, akampigia mwanawe. Mteja unayempigia hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

— Sasa Antena, usianze kutetemeka, alisema Magesa. Hiyo ni nguzo tu. Upepo umeangusha mnara kule mlimani.

— Upepo uko wapi, Magesa? Moshi wa jiko la Severina huu hapa umenyooka kama rula.

— Basi lori. Juzi kuna jamaa alipita na mtambo mrefu, anapeleka migodini Zambia. Akikata kona vibaya anaondoka na nyaya za mtaa mzima.

Mzee Saulo alikohoa. Alikuwa na kawaida ya kukohoa kabla ya kutoa hukumu.

— Vijana, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mawimbi ya redio yanaelea hewani, kwa hiyo yameundwa, na aliyeunda ndiye anayeweza kuundua. Huko juu kuna chumba. Kimejaa vitufe. Kila redio ya nchi hii ina kitufe chake, na jina limeandikwa kwa wino mwekundu. Mtangazaji akikohoa vibaya tu, kitufe kinabonyezwa.

— Umekiona hicho chumba, mzee?

— Sijakiona. Lakini mahakamani nilibeba mafaili ya watu waliokiona.

— Acha bana, alisema Magesa. Mimi nasafiri, nawaambia kitu ninachokijua. Nikifika Tunduma, redio ya kwetu inamezwa na ya Zambia. Unasikiliza mpira wa Simba, ghafla unaletewa Kibemba. Sasa hayo mawimbi ya kule hayakai mahali pamoja. Yanapanda. Mwaka jana yalikuwa Tunduma, mwezi uliopita niliyakuta Mbalizi, leo yamefika Iringa. Tumemezwa.

— Na mbona hatusikii hicho Kibemba? aliuliza Severina.

— Bado kinatafunwa.

Wengine wangecheka. Crispin hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, sindano imemchoma kidoleni na hajui.

Severina akammiminia kikombe, akampa mkononi.

— Baba Fausta, mimi nasema kitu na usinichukie. Mtu haongei vizuri vile halafu akakatika katikati ya neno. Redio ikiharibika inakwaruza kwanza. Ile haikukwaruza. Huyo mtoto amefungwa ulimi. Watu wana wivu. Alivyokuwa anaongea kila asubuhi, unadhani wote wanaomsikiliza wanampenda?

— Severina!

— Nimekwambia usinichukie.

— Ni ile habari ya maji, alisema Crispin polepole.

Benchi lote lilikuwa limeisikia. Wiki hiyo nzima Faustina alikuwa amewapokea hewani watu wa mtaa mmoja ambao maji ya bomba yalikuwa yakiwatokea na rangi ya chai. Kina mama walipiga simu wakilia. Mmoja alisema mtoto wake ameharisha mpaka amelazwa. Faustina aliwatafuta wahusika wa maji wajibu, mmoja akasema yuko kikaoni, mwingine akakata simu. Akaendelea bila wao.

— Niliwahi kusema, alisema mzee Saulo, safari hii bila kukohoa. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini na chura naye asimzidi ng'ombe. Redio si kitu cha mchezo. Enzi zetu ilikuwa moja, nchi nzima inaamka pamoja, inalala pamoja. Siku hizi kila kilima kina redio yake. Na nyie mmesahau? Nchi jirani hapa watu waliuana kwa mapanga, na redio ndiyo iliyokuwa inawaita kwa majina. Leseni inawekwa kwa sababu.

— Kwani Fausta amemwita nani kwa mapanga? aliuliza Crispin. Amesema maji machafu!

— Sijasema yeye. Nasema kitu chenye moto lazima kiwe na mwenye kukitazama.

— Mzee, maji siyo moto.

Mzee Saulo akafungua mdomo kutafuta methali, lakini macho yake yakaenda barabarani. Wote wakageuka.

Faustina alikuwa anakuja kwa miguu, amebeba mkoba na vile vipokea sauti vyake vikubwa vya masikioni, waya unaburutika vumbini. Hakuwa na koti. Crispin alikimbia kumpokea kama vile amerudi kutoka mbali, mbali sana, akampangusa vumbi begani ambapo hapakuwa na vumbi.

— Wamekupiga?

— Hapana, baba. Shikamoo. Hawajanigusa.

— Simu yako?

— Tuliambiwa tuzime zote wakati wanakagua mitambo. Nikasahau kuiwasha.

Akaketi kwenye ubao kati ya Magesa na mzee Saulo. Severina akamfunika kwa kitenge chake mwenyewe. Faustina aliishika kahawa aliyopewa kwa mikono miwili bila kuinywa.

— Wamekuja watu watatu, alisema. Wana adabu, wametusalimia vizuri. Wamesema kituo kimesimamishwa siku thelathini, kwa sababu ya habari isiyo na mizania. Eti upande wa pili haukusikika. Meneja akawaambia tuliwapigia upande wa pili wakakata simu. Wakasema hilo tutalieleza kwenye utetezi. Mimi nilikuwa hewani, nawaona kupitia kioo. Nikaanza kusema.

— Naomba nikwambie kwamba, alisema Crispin.

— Eeh. Nilitaka kusema kwamba tunaondoka kidogo, wasikilizaji wasihangaike. Fundi mitambo akakata. Nikatoka, nikamwomba yule mkubwa wao dakika moja tu, nirudi niwaage watu. Akanitazama kwa huruma kabisa. Akasema: binti, hata kuaga nako ni kutangaza.

Crispin alimtazama mwanawe, akakumbuka alivyomkataza zamani asisomee mambo ya utangazaji, asomee uuguzi, na jinsi alivyokuja kujivuna mpaka akaongeza spika kwenye kibanda. Sasa hakujua ajivune au aogope.

— Siku thelathini si nyingi, alisema mzee Saulo hatimaye, kwa sauti ndogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtarudi na spika kubwa zaidi.

— Mzee wangu, mimi sikatai kusimamiwa, alisema Faustina. Mwaka jana tulipewa onyo, mwenzangu alitaja hewani jina la mtoto aliyebakwa. Ile tulikosea, nililia mwenyewe. Hata leo wangesema kosa moja, tungerekebisha moja. Lakini wamezima vyote. Bei za vitunguu, vifo, mkutano wa shule, vyote.

— Ingia mtandaoni, alisema Magesa. Simu unayo. Jirekodi, rusha.

— Kutangaza habari mtandaoni nako kuna leseni yake, Magesa. Na mimi sasa hivi jina langu linaangaliwa.

— Duh! Mpaka kwenye simu yangu mwenyewe?

— Mpaka huko.

Ndipo mama mmoja akatokea upande wa sokoni. Alikuwa mrefu, amejifunga mashuka mawili kwa baridi, miguu ina vumbi jeupe la bondeni. Alisimama hatua chache kutoka kwenye benchi, akainama kidogo.

— Shikamooni. Naulizia Mtani FM.

Magesa alimtambua kwa lafudhi, akamsalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mama.

— Mwangaluka! Uso wa mama ukafunguka. Wewe ni wa kwetu?

— Nimezaliwa Usangu. Kaa, mama. Unatafuta nini Mtani FM?

Hakukaa. Alisema anaitwa Kashindye, ametoka Usangu kwa basi. Baba yake mzazi aliletwa Iringa kutibiwa macho. Mjukuu aliyemsindikiza alimwacha kwenye benchi la stendi akaenda kununua maji, aliporudi mzee hayupo. Usiku wa pili sasa amelala kusikojulikana, na baridi hii. Haoni vizuri. Kiswahili anasikia kidogo, kuongea ni shida. Kisukuma ndicho chake.

— Polisi umefika? aliuliza Crispin.

— Nimefika. Wameandika. Wakasema, mama, nenda redioni, hiyo ndiyo haraka. Na watu wa stendi wamesema hivyohivyo. Kuna binti pale anaitwa Faustina, wanasema akitangaza mtu, jioni hiyohiyo anapatikana.

Kila mtu kwenye benchi aliangalia pengine. Faustina ndiye aliyebaki akimtazama.

— Mama, ni mimi.

— Ni wewe? Kashindye akashika kifua. Ee Mungu asante! Basi twende. Mimi sitaki maneno mengi. Unipe nafasi nimwite tu kwa Kisukuma, jina lake na langu. Baba ana karedio kake, amekavaa shingoni kwa kamba kama kengele ya ng'ombe. Hakavui hata akilala. Akinisikia atasimama. Atasema kwa watu alio nao, huyo ni mwanangu.

— Kilugha hewani hakiruhusiwi, mzee Saulo alisema kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba neno lilimtoka mtu mwingine.

— Ningemwachia, alisema Faustina. Jina la mtu halina lugha.

Akasimama, kitenge kikadondoka. Akamshika Kashindye mikono yote miwili, akamweleza: redio imefungwa, leo asubuhi hii hii, si kwa sababu yake, ni mambo ya kiserikali. Alieleza kwa utaratibu, kwa ile sauti ambayo mji mzima ulizoea kuamka nayo. Kashindye alisikiliza, kichwa kimeinama. Mara moja alimtazama Magesa, naye Magesa akarudia kwa Kisukuma, taratibu, huku akijifuta pua kwa kiwiko.

— Nimeelewa, alisema Kashindye. Mmegombana na wakubwa.

— Ndiyo, mama. Kama hivyo.

— Sawa. Wakubwa na wakubwa wataelewana. Akafikiri. Mimi naomba kuuliza kitu kimoja tu. Baba amekaa mahali sasa hivi, ameweka karedio sikioni, ananisubiri. Nani atamwambia kwamba namtafuta?

Magesa alianza kusema kipaza sauti cha msikitini, akaishia njiani. Mji ni mkubwa, na msikiti hausikiki hata Ipogolo. Severina alisema kundi la WhatsApp la mtaa, kisha akamtazama yule mama, akakumbuka kwamba mzee hana simu wala macho. Mzee Saulo alikohoa. Walingoja hukumu. Haikutoka.

Crispin akamgeukia mwanawe. Tangu Faustina aanze kusema akiwa mdogo, ndani ya nyumba yake hakukuwahi kukosekana neno. Swali lolote, huyu mtoto alikuwa na cha kujibu, na baba yake alikuwa akimtishia fimbo kwa hilo. Sasa Faustina alifungua mdomo. Crispin akasogea, sikio mbele, kama anavyosogea kila asubuhi. Hakusikia kitu.

Kashindye aliwatazama mmoja mmoja. Akadhani ni Kiswahili chake ndicho kibovu, hakikueleweka. Akajiweka sawa mashuka yake, akawaomba radhi, akauliza tena, polepole zaidi.