Bi Rahab na Lori Lililotoroka Misikhu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Rahab Nyaruai anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza Kitale kama mpiga chapa, akahamia tawi la Bungoma, na anaondoka akiwa mpelelezi wetu wa kesi za ajali. Cheo hicho hakuna aliyempa. Alijipa mwenyewe siku aliyovaa raba akatoka nje.

Kesi alizozipenda ni zile tulizozikimbia: gari limemgonga mtu, likatoroka. Bila kulijua gari, humjui mwenyewe wala kampuni yake ya bima, na majeruhi anabaki na maumivu yake bila wa kumshtaki. Sisi faili hizo tulizisukuma chini. Yeye alizirudisha juu.

Ya Nakhumicha tunaikumbuka sote. Mama huyu, muuza ndizi wa Misikhu, aligongwa na lori mchana kweupe. Mguu ulivunjika mara mbili. Hakuna aliyesoma namba. Alipotufikia, sheria ilikuwa imetubakishia miezi minne tu ya kufungua kesi.

"Rahab, hii tufunge," akasema wakili wetu, Bw. Kipyegon. "Hakuna gari hapa."

"Gari liko," akajibu. "Ni sisi hatujaliona."

Alienda Misikhu siku tano za soko. Kibukusu chake ni cha kuokoteza; siku ya kwanza alidhani anaulizia lori, kumbe anaagiza kuku. Alirudi ofisini na jogoo. Siku ya tano, muuza nyanya mmoja akakumbuka kwamba turubai la lori lile lilikuwa la buluu, lenye kiraka cha njano kikubwa kama mlango.

Rahab akaacha kutafuta lori, akaanza kutafuta fundi. Alipita kwa washona turubai wa Webuye na Bungoma mjini, hadi Kabuchai, ambako Levi Wekoye aliangua kicheko. "Hicho kiraka si ni changu, bana! Kitambaa cha buluu kiliniishia."

Levi alimjua mteja wake. Polisi walipolikagua lori, taa moja ilikuwa mpya, na vipande walivyookota siku ya ajali vilikuwa vya taa ya aina hiyo hiyo. Dereva akakiri.

Nakhumicha alilipwa fidia, akafanyiwa upasuaji wa pili, na sasa anatembea bila mkongojo. Siku ya hukumu Rahab alijifungia chooni dakika ishirini, akatoka macho mekundu, akatuuliza kwa nini hakuna aliyechemsha chai.

Si zote alizishinda. Gari lililomgonga mzee mmoja wa Kipsongo halijapatikana hadi leo, na kila akienda Kitale Rahab humpitia kumjulia hali.

Mumewe, Bw. Hiram, ametuandikia kwamba shambani wana ng'ombe watatu wa maziwa na kwamba tusithubutu kumpigia mkewe simu kabla ya saa nne asubuhi. Tutajaribu.

Asante, Bi Rahab, kwa kila uliyemtafutia haki. Nenda ukapumzike, uamke utakapo, ucheke na wajukuu. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha.