Mzee Mkia na Sauti Zisizoonekana Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Mkia anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha redio, yote akiwa maktaba ya sauti, kile chumba cha mwisho koridoni chenye feni inayolalamika. Nimeombwa niandike kitu cha kuchangamsha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nitajitahidi, ila mnivumilie, maana mimi ni msoma habari, na habari nyingi ninazosoma hazichangamshi.

Alianza kazi akibeba kanda. Kanda zilipotoka na kompyuta zikaingia, wengi walinuna, yeye akajifunza. Jina la utani alilipata kwa swali moja. Ukimpelekea faili alikuuliza kwanza mkia wake uko wapi, akimaanisha zile herufi chache baada ya nukta mwishoni mwa jina, zinazoiambia kompyuta kama hii ni sauti, picha au barua. Waandishi wetu, ambao huzipa faili zao majina kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa safari hii", walimtesa sana. Hakumfukuza mtu. Aliguna, akavuta kiti, akaelekeza.

Somo lake kubwa lilikuwa hili. Kompyuta zetu za zamani hazikuhitaji mkia. Ziliandika aina ya faili ndani kwa ndani, katika maelezo yaliyofichika ambayo huyaoni kwenye jina. Programu mpya zinatazama mkia tu. Kwa hiyo ukibonyeza "Fungua", dirisha linalojitokeza linakuonyesha faili zenye mkia unaotambulika; zile za zamani zimo humohumo kwenye folda, lakini huzioni hata moja, mpaka ushuke chini ya dirisha uchague "Faili zote". Alitufundisha hivyo mpaka tukamchoka. Tulikuwa tukimwigiza kantini, na yeye akicheka kuliko sisi.

Hapa ningependa kuruka. Rasimu yangu ya kwanza iliruka, na Mzee alipoisoma aliirudisha mezani kwangu.

"Mwanangu, andika na lile la diski," akaniambia. "Ukiliacha hilo, basi usiandike kabisa."

Haya. Mkewe alikuwa mtangazaji wetu wa kipindi cha alfajiri, yule ambaye wasikilizaji walimwita Mama Asubuhi. Miaka minne iliyopita aliugua, akalazwa. Wakati huohuo kituo kilikuwa kinahamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta mpya, na diski za zamani zilitakiwa zikaguliwe, zilizo tupu zifutwe na kutumika upya. Mzee alikuwa akitoka wodini anakuja kazini, akitoka kazini anarudi wodini, macho mekundu, shati lilelile la jana. Tulimsihi apumzike. Alisema akikaa bure atapata wazimu. Siku moja akaingiza diski, akabonyeza "Fungua" kwenye programu mpya, na dirisha likaja jeupe. Yeye, mwalimu wetu wa "Faili zote", hakushuka chini kuchagua. Akasema diski ni tupu, akachukua koti lake akaenda hospitali. Fundi mitambo akaifuta kama alivyoambiwa. Vipindi vya Mama Asubuhi vyote vilikuwa humo, bila mkia. Nakala za akiba zilikuwepo kwenye mipango tu, kabatini hazikuwepo.

Mama alipofariki, binti yao aliomba kipande cha sauti yake kichezwe msibani, na baba akaja kukitafuta. Sitaeleza alivyotoka mle chumbani. Niliona mtu mzima akishika ukuta ili aweze kutembea, nikaona aibu kuangalia.

Tangu hapo alianza kupitia kila faili isiyo na mkia iliyobaki kituoni. Aliifungua, akasoma maelezo yake ya ndani, akaisikiliza, akaipa jina na mkia. Mkuu wa idara alidhani ni bidii, akampa cheti. Sisi tulijua anamtafuta nani. Huenda kipindi kimoja kilinakiliwa mahali pasipo pake. Huenda Mama alikohoa tu nyuma ya taarifa ya mtu mwingine. Katika kumtafuta huyo mmoja akawapata wengi. Alimpata mtangazaji wa mpira aliyekufa zamani, na wanawe wakaja kumsikia akitangaza bao, wakacheka huku wanalia. Alinipata hata mimi, nikisoma habari kwa mara ya kwanza kwa sauti ya mbuzi, na akahakikisha ofisi nzima imesikia. Lakini wageni waliofiwa walipokuja, aliwavalisha vipokea sauti masikioni, kisha akatoka akasimama koridoni mpaka wamalize.

Jumanne alimaliza faili ya mwisho. Alikuja kantini, akaketi nasi, akakoroga chai muda mrefu.

"Hayumo," akasema.

"Pole sana, baba," dada wa mapokezi akamjibu, akamshika mkono.

"Aa, nilishajua kitambo. Nilitaka tu niwe na pa kwenda asubuhi."

Na sasa tunampa barua ya kustaafu.

Mzee wetu, tunakushukuru. Maktaba ya sauti haina tena faili iliyojificha, na kuna nyumba nyingi mjini ambako mtu amemsikia tena mpendwa wake kwa juhudi zako. Kamati imekununulia redio. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Zawadi uliyoitaka hatunayo, nawe unajua kuliko sisi sote kwamba ilitafutwa. Nenda na afya, upate usingizi, na nyumba yako iwe na watu wanaoongea tangu alfajiri.