Diski ya Kumi na Mbili: Maisha ya Ndugu Yetu Fundi Springi

Ndugu yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Springi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa mkereza vyuma na mshona nguo. Sisi kaka na dada zake tuliomwogesha akiwa mchanga tumepigwa na butwaa kumsomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi tangu 1978 hadi 1984, kisha sekondari ya ufundi, na mwaka 1992 akahitimu stashahada ya elektroniki. Mwalimu wake aliandika kwamba kijana huyu hafungui kitu asichoweza kukifunga tena.

Tarehe 3 Januari 1994 aliajiriwa hospitalini kuwa fundi wa vifaa, na baadaye akakabidhiwa chumba cha kompyuta. Mwaka 2009 bomba lilipasuka darini, maji yakafuta kumbukumbu za wagonjwa, na kwa siku tisa madaktari wakatibu kwa kuuliza-uliza. Hapo akabuni kifaa chake: mpini mwekundu kando ya mlango. Ukivutwa, umeme hukatika, springi husukuma nje diski zote kumi na mbili za kumbukumbu kwenye reli zake, nazo huteleza katika mfereji wa bati hadi kwenye sanduku la sponji nyuma ya ukuta.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na mtaalamu wa maabara wa hospitali hiyo hiyo, wakajaliwa mabinti wawili. Jaribio la kwanza la kifaa kile cha 2009 alilifanya nyumbani, juu ya meza ya chakula. Diski ikaruka, ikavunja birika.

“Hii ni mashine au manati?” mkewe akauliza.

“Ni mlango wa dharura, mama watoto. Birika ndilo lililokaa njiani.”

“Basi kesho niletee birika linalojua kukwepa!”

Ugonjwa hakuujua; hakuwahi kulazwa hata siku moja. Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyaya za darini zilishika moto. Marehemu alivuta mpini, akatoka salama, akazihesabu diski sandukuni. Zilikuwa kumi na moja. Iliyokosekana ilibeba kumbukumbu za wagonjwa wa figo.

“Mzee, acha! Ni chuma tu hicho!” mlinzi alimsihi.

“Si chuma, mwanangu. Ni watu mia tatu.”

Akarudi ndani. Hakutoka tena.

Alhamisi mkewe alifungua mkoba wa kazi wa marehemu, uliobaki nyumbani. Ndani mlikuwa na diski hiyo, nzima, imefungwa kitambaa, na karatasi yenye mwandiko wake: “Na. 12. Reli imelegea. Irudishwe Jumanne.” Aliitoa mwenyewe Jumatatu jioni, akasahau. Saa nne asubuhi ya Jumanne ile, kabla ya moto, mkewe alimpigia simu kwamba ameacha mkoba, naye akajibu, “Uache tu, nitaufuata mchana.”

Tangu hapo shemeji yetu hajaacha kujiuliza kwa nini hakuufungua. Shemeji, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya jeneza hili, ndugu zake sote tunatamka: hukujua, na huna kosa. Usiubebe mzigo huu hata hatua moja kutoka kaburini hapa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka wawili na dada wawili. Mola aliyemuumba amsamehe alichosahau, na ampumzishe kwa amani. Amina.